Mwarobaini Katika Nyumba Isiyo na Tende

Mama yangu aliuamini mwarobaini kuliko alivyoniamini mimi, na simlaumu. Mwarobaini ulikuwa umemponyesha homa, upele na chawa tangu utotoni mwake Unguja. Mimi nilikuwa nimemletea cheti cha sekondari na habari nne za kushindwa mtihani wa gari. Mtihani wa gari wa Oman una mapipa. Unalirudisha gari kinyumenyume katikati yake bila kuyagusa, na mimi nikayagusa. Mara ya nne nililiangusha moja, na askari akaniambia kwa upole kabisa kwamba pengine riziki yangu haikuandikwa barabarani. Nikarudi nyumbani nimefarijika. Kwa mtu wa kukaa nyumbani kama mimi, hayo yalikuwa maneno matamu kuliko leseni.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba yetu ya Ibra, mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa ameshatangulia, dada yangu ameolewa Maskati. Mimi nilikuwa karani wa ghala la vitabu katika skuli, kazi ya kukaa na kuhesabu, na nilipotoka saa nane mchana sikuwa na pa kwenda ila nyumbani, wala sikupatafuta. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mama alipenda kuniangalia nimejilaza baada ya chakula akasema, "Wenzio wanalea watoto. Wewe unalea godoro." Nami nilimjibu kwamba godoro halilii usiku. Ndivyo tulivyoishi, kwa kutaniana, maana tukinyamaza tulikuwa tunasikia jinsi nyumba ilivyokuwa tupu.

Mwarobaini ulisimama uani, karibu na tangi la maji. Wenyeji wa hapa wanauita shirishi, na kwao ni kivuli cha kuegeshea gari. Mama aliwaonea huruma. Kwake kila sehemu ya mti ule ilikuwa na kazi yake. Kijiti alikitafuna asubuhi kwa ajili ya fizi, na mpaka anafika miaka sitini na kitu alikuwa na meno mengi kuliko mimi. Majani makavu aliyatia ndani ya pipa la mchele, wadudu wasiingie. Mabichi aliyachemsha tukaogea harara ya joto, na mtoto wa dada yangu alipopata tetekuwanga alilazwa juu yake kama samaki juu ya majani ya mgomba. Mafuta ya mbegu zake yalikwenda kichwani. Na mtu akiwa na homa alifunikwa blanketi zito juu ya sufuria inayotoa mvuke, akaambiwa avute pumzi, na akitaka kutoka anarudishwa. Mimi nilirudishwa mara nyingi. Nakumbuka giza lile, uchungu ukiingia puani, na sauti ya mama nje ya blanketi ikisema bado, bado kidogo.

Kisha akapata kisukari.

Haikuwa habari mpya katika ukoo wetu. Dada yake mkubwa alikuwa nacho. Alikatwa kidole cha mguu, baadaye mguu chini ya goti, baadaye juu ya goti, kisha wakaanza na wa pili. Mama ndiye aliyemuosha siku ya mwisho. Hakusimulia alichokiona, lakini tangu siku hiyo alikuwa na sentensi moja aliyoisema kila lilipotajwa neno hospitali: "Mie sitaki kuzikwa kwa mafungu." Aliisema akicheka, na mkono wake ukienda wenyewe kushika goti.

Daktari alimpa vidonge, kimoja asubuhi, ale chakula juu yake. Tukaenda hivyo mwaka na zaidi, mpaka kiatu kipya kikamchubua kisigino. Kidonda kilikuwa kidogo, kama punje ya dengu. Wiki ya pili kikawa kama sarafu. Wiki ya tatu mama aliacha kucheka aliposema ile sentensi yake.

Siku hizo alikwenda sokoni kwa fundi cherehani, Mhindi wa Kerala, kuchukua nguo. Fundi alimuona anachechemea, akauliza kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake. Mama akarudi na nguo pamoja na dawa. Ati kwao fundi, wazee wenye sukari hunywa maji ya majani ya mwarobaini mabichi alfajiri kabla ya kitu kingine chochote. Ati ni elimu yao, Ayurveda, ya tangu na tangu, vitabu vyake vimeandikwa kabla babu zetu hawajajua kushona kanzu. Mama alisema hayo macho yakimng'aa. Miaka yote alikuwa ameutumia mti ule kwa nje na kwa mvuke, na kumbe kazi yake kubwa ilikuwa inamsubiri hapo hapo uani.

Mtwangaji nikawa mimi. Konzi mbili za majani, kinu, maji kidogo, chujio, kikombe kimoja cha kijani. Siku ya kwanza nilionja, ulimi wangu ukakunja mkeka ukataka kuhama. Mama alikunywa bila kukunja uso, akarudisha kikombe akasema, "Umetwanga kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Kesho tia nguvu."

Nikatia nguvu. Na kwa kuwa sijapata kupewa uongozi wa kitu chochote maishani, huu nilioupata niliutumia vibaya. Nilitangaza kwamba ndani ya nyumba hii hakitabaki kitu kitamu. Sukari nilimwaga. Asali nikampa dada yangu alipokuja. Halua, maziwa ya kopo, soda, vyote vikaenda. Nikafika kwenye tende. Ilikuwa msimu wenyewe, mji mzima wa Ibra unanuka tende mbivu, watu wanapelekeana sahani nyumba kwa nyumba, na mimi nikabeba ndoo yetu nzima nikaenda kuwamwagia mbuzi wa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa umri wa kupita sabini, Mwarabu wa hapa hapa, asiyejua Kiswahili hata neno. Mimi nilimwita khalti, yaani mama mdogo, naye aliniita mwanangu. Aliwaona mbuzi wake wanakula tende nzuri kuliko alizokuwa nazo ndani. Kesho yake akaja kumtazama mama. Nikamletea kahawa, peke yake. Alingoja. Mtu wa Oman hainywi kahawa bila tende, na nyumba isiyomtolea mgeni tende ni kama nyumba iliyomwambia toka. Aliinuka, akaenda kwake, akarudi na sahani ya tende mbivu zimefunikwa kitambaa. Nami, mkuu wa idara ya sukari, nikamzuia pale pale mlangoni. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha skuli kwamba nyumba yetu haipokei tende. Akageuka na sahani yake. Hakuja tena.

Wiki mbili za kwanza zilitudanganya. Kidonda kilikauka ukingoni, na kipimo cha sukari kikashuka. Daktari, naye pia Mhindi, kijana mwenye sauti ya chini, alifurahi. Akauliza kama kuna dawa nyingine mama anayotumia, kwa kunywa au kwa kupaka. Mama hakuhitaji kutafsiriwa. Alinigusa kiwiko.

Nikasema hakuna.

Mtu asiyeishi kati ya watu hawa hataelewa kwa nini. Sisi tuliorudi kutoka Afrika tulikuwa na sifa yetu hapa. Tulijua kupika, tulijua Kiingereza, na kwa siri iliaminiwa kwamba tunajua na mambo mengine, ya mizizi, majani na ngoma. Nilipokuwa skuli nilishaulizwa na mwenzangu kama mama yangu anaweza kumgeuza mtu mbuzi. Nilimjibu anaweza, lakini kwako wewe atakuwa amechelewa. Nilicheka, na uchungu wake haukutoka. Basi mbele ya daktari, na muuguzi mwenyeji amesimama pale na faili letu, sikutaka kusema kwamba mama anakunywa majani. Kwa aibu hiyo tu nikajibu hakuna, nikatoka mle ndani najiona nimemlinda.

Wiki ya tatu mama akaanza kutetemeka asubuhi. Alitoka jasho lakini ngozi yake ilikuwa ya baridi. Chakula kilimchosha, akala vijiko viwili akasukuma sahani, ila kidonge hakukiacha na kikombe hakukiacha. Nilipouliza alisema ni uchafu unatoka mwilini. Nami nikaamini, kwa sababu kuamini hakukunitaka nitoke nyumbani. Alinikasirikia kwa mambo ya ovyo. Siku moja alilia kwa kuwa pazia lilikuwa limening'inia upande. Sijapata kumuona mama akilia kwa pazia. Nilisimama na ile ncha ya pazia mkononi, nikajiambia atakuwa amechoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo ya skuli, adhuhuri imepita, joto la kuwafungia watu ndani. Mtaa wote umelala. Mama alikuwa kitandani ukumbini, akaniita. Aliniita kwa jina la dada yake, yule aliyekufa.

Nikasema, "Mama, mimi."

Akaniuliza kama mguu wameshauzika.

Shuka lilikuwa limelowa. Macho yake yalinipita yakaenda ukutani. Nikawaza, sukari imempanda. Sikuwa na wazo lingine. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa adui ni sukari, basi kila baya nililoliona lilikuwa na uso huo. Na sukari ikipanda, dawa yake tunayo. Nikakimbilia uani nikachuma majani, nikatwanga kwa nguvu alizonifundisha, mpaka mchi ukanichubua kiganja. Nikamwinua kichwa nikamnywesha. Nusu ilishuka shingoni. Nusu aliimeza, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila funda.

Kisha akanilegea mkononi. Kichwa kikawa kizito. Nilimwita, nikamtikisa, nikampiga kofi dogo shavuni, kofi la kwanza na la mwisho kumpiga mama yangu. Macho yalibaki nusu wazi na hayakuwa yananitazama.

Nikapiga simu kwa dada yangu Maskati. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga hospitali, wakaniambia mlete. Nimlete kwa usafiri gani? Nilisimama na simu mkononi nikayafikiria yale mapipa. Mtu mzima, mwanamume, na gari la marehemu baba limefunikwa turubai nje, na sijui kulitoa getini. Sijapata kujichukia kama dakika ile. Miaka yote nimelifanya jambo la kuchekesha, na sasa mama anaondoka mbele yangu kwa mzaha wangu.

Nikatoka bila viatu. Ardhi ilikuwa inaunguza na sikuijua mpaka kesho yake nilipoona malengelenge. Nikabisha mlango wa jirani kwa mikono miwili.

Alifungua mwenyewe, macho ya usingizi. Sikutoa salamu. Nilisema mama anakufa, nikasema gari, nikasema khalti nakuomba. Hakuniuliza la tende wala la mbuzi. Alipiga kelele moja ndani kumwamsha mumewe, akavuta shela, akanitangulia kwetu.

Alimshika mama paji, akamshika mikono. Akakichukua kikombe kilichokuwa sakafuni, akanusa, akaniangalia.

"Leo amekula nini?"

Nikasema hajala.

"Na jana?"

Vijiko viwili vya wali.

"Na kidonge cha sukari amemeza?"

Nikasema amemeza.

"Tende ziko wapi?"

Nikasema hazimo. Aliuliza asali, nikatikisa kichwa. Aliuliza sukari, hata ya chai. Akasimama katikati ya ukumbi wetu kama mtu aliyeingia nyumba iliyoibiwa. "Umemfungisha mama yako, na si Ramadhani," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi. Hii si sukari ya kupanda. Hii imekwisha."

Akatoka mbio. Sijui kama umepata kumuona bibi wa miaka sabini na kitu akikimbia juani na nguo zake zote. Alirudi na bakuli la dibsi, ile shira nzito nyeusi inayochuruzika kwenye tende zikilaliana. Nilitaka kumimina kinywani. Alinipiga mkono. Akamlaza mama ubavu, akachovya kidole, akaanza kumsugua fizi kwa ndani, taratibu, upande huu na upande ule, kama anayempaka mtoto mchanga. Akachovya tena. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na kati ya dua na dua ananiambia shika kichwa, usimzibe pumzi.

Mumewe alikuja na pikapu, nyuma imejaa majani ya mbuzi ya asubuhi. Tukamlaza mama juu yake, mimi upande huu, khalti upande wa pili. Njia yote kidole chake hakikutoka kinywani mwa mama. Mimi nilikuwa nimekishika kisigino chenye bandeji, nimekikumbatia, kama kwamba kilichokuwa kinatoka kwa mama kingetokea hapo. Karibu na hospitali nikaona koo lake linapanda na kushuka. Alikuwa amemeza. Khalti akaniambia, bila kunitazama, nilie baadaye.

Walimtundikia dripu ya sukari, na baada ya robo saa hivi alifumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kwa nini sina viatu.

Ningependa kuishia hapo, mimi nimesamehewa na mama amefumbua macho. Lakini daktari alikuja, yule yule wa sauti ya chini. Alifurahi kumuona ameamka. Akasema ni vidonge na kukosa chakula, wazee huwatokea, tutapunguza dozi, na jioni mnaweza kumrudisha nyumbani. Alikuwa ameshaanza kuandika. Akauliza, kalamu ikiwa bado inakwenda, kama kuna kitu kingine alichokunywa.

Mama akasema kwa Kiswahili, taratibu, uso wake ukimtabasamia daktari, "Usimwambie. Watanikata."

Sijui hesabu hiyo aliipigaje, lakini nilimuelewa. Akisikia dawa zetu, daktari atasema huyu hawezi kujitibu, atafunua bandeji, na kisu kitafuata. Macho yake yaliniomba. Yule muuguzi mwenyeji alikuwa amesimama hapo. Khalti alikuwa amesimama hapo, dibsi imemkauka vidoleni. Nami maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumpinga mama kwa jambo zito. Nilikuwa namkaidi kwa utani, kisha nafanya alivyotaka.

Nikasema. Nilimwambia daktari majani, konzi ngapi, tangu lini. Nikasema na leo nimempa baada ya kuanza kuweweseka, kwa mikono yangu. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

Mama alifumba macho, akanigeuzia mgongo na dripu yake.

Daktari aliacha kuandika. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha hospitali, mti gani, nikamwonyesha kwa mikono namna jani lilivyo, meno meno pembeni. Akasema jina la kwao. Akasema mama yake anao karibu na kisima, hata yeye amekua kwa kuogeshwa nao, na kijiti chake anakitumia mpaka leo akienda likizo. Kwa fizi, kwa ngozi, vizuri tu. Lakini unashusha sukari, na kidonge kinashusha sukari, na huyu alikuwa hali chakula. "Watu watatu wanamsukuma mama yako kwenye ngazi moja," akasema, "na wewe ukaniambia hakuna mtu." Akalichana lile karatasi la kurudi nyumbani. Hatalala kwenu usiku huu, akasema, wala wa kesho. Atapimwa kila saa.

Saa kumi na moja jioni ile ile, dripu ikiwa bado imo mkononi, mama alianza kutoka jasho tena na maneno yakamchanganyika. Wauguzi walikuwa pale pale. Mimi nilisimama ukutani nikaona namna wanavyokimbia, nikawaza kwamba saa hiyo, kama ningeufumba mdomo wangu, tungekuwa nyumbani kwetu wawili tu, na kinu.

Siku mbili hakunisemesha. Nilikaa kwenye kiti kando yake, mimi ambaye silali penye mto usio wangu, nikanywa chai ya hospitali, nikaazima viatu. Khalti alikuja asubuhi na jioni. Alikaa naye, wanawake wawili wasiosikilizana lugha, akamlisha uji kwa kijiko kimoja kimoja, na mama akala kwa adabu asizonionyesha mimi. Daktari alikifunua kisigino. Nilimuona mama akishika pande zote mbili za kitanda. Daktari akakiangalia kwa muda mrefu, akabonyeza kandokando, akasema kinasafishwa na kufungwa kila siku, na kwa sasa hakuna wa kukata kitu. Nilitafsiri. Mama aliangalia dari. Mikono yake haikuachia kitanda.

Siku ya tatu, daktari alipokuja kupunguza dripu, alikuwa anahesabu kwenye karatasi, anashangaa kwa sauti kwa nini sukari ilikuwa imechukua muda mrefu hivyo kutulia, kwa kidonge kimoja na kikombe kimoja. Alikuwa anajisemea mwenyewe. Nikamtafsiria mama kwa mazoea tu, sikutarajia jibu.

Mama akageuka. Aliniangalia mimi kwanza, na uso wake ulikuwa mdogo.

"Mwambie na cha jioni," akasema. "Nilikuwa natwanga mwenyewe ukishalala kwenye godoro lako. Na vidonge mwambie viwili. Nilitaka kidonda kipone upesi."

Nilimtafsiria daktari neno kwa neno, kikombe cha jioni na vidonge viwili, na neno la godoro langu nalo sikuliacha.